Siku ya Tisini na Moja: Tiba ya Kulazwa na Upataji Nafuu wa Waraibu Jijini Nairobi

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa mtaa wa Jamhuri na mitaa jirani, Nairobi

Heshima ya kwanza jioni hii inawaendea wale walio katika hadhira hii ambao wamewahi kulala katika kituo cha tiba ya uraibu, pamoja na wale ambao usiku huu wana mtoto, mke, mume au ndugu aliyelazwa humo, kwa kuwa wao ndio wenye elimu ya kwanza ya jambo hili, na yote yatakayosemwa hapa yana haki ya kupimwa kwa yale ambayo wameyaona na kuyabeba.

Kusudi la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba tiba ya kulazwa, hata iwe njema kiasi gani, haimalizi kazi yake ndani ya ua la kituo, na kwamba hatima ya mgonjwa huamuliwa zaidi na mahali anaporudi kuliko mahali alipolazwa. Vituo vingi vya Kenya humpokea mgonjwa kwa muda wa siku tisini. Familia huzihesabu siku hizo kwa hofu na kwa gharama kubwa. Wengine huuza ng'ombe au kipande cha shamba, wengine huitisha harambee, na siku ya tisini inapofika hushukuru Mungu kwamba kazi imekwisha. Siku ya tisini na moja haina mhudumu, haina ratiba, wala haijatengewa fedha na mtu yeyote, nayo ndiyo siku ambayo mhadhara huu unaishughulikia.

Yafaa istilahi tatu zielezwe kabla ya kuendelea. Uraibu ni hali ambayo mtu huendelea kutumia kileo au dawa ya kulevya ijapokuwa anayaona madhara yake waziwazi, kwa sababu uwezo wake wa kujizuia umedhoofika na mwili wake umezoea kitu kile hata ukakidai kama unavyodai chakula. Tiba ya kulazwa, ambayo mitaani huitwa rihabu, ni matibabu ambayo mgonjwa huishi kituoni usiku na mchana kwa majuma au miezi, akiwa mbali na kileo na mbali na wenzake wa kutumia. Upataji nafuu, istilahi iliyokomaa zaidi Zanzibar kuliko Nairobi na ambayo yastahili kuazimwa, ni safari ndefu ya mtu kurudi katika afya, kazi, heshima na uhusiano na watu wake; neno "nafuu" limechaguliwa kwa busara, kwani halidai kwamba mgonjwa amepona kabisa, bali kwamba hali yake inaendelea kuwa bora.

Hoja ya kwanza: uraibu ni maradhi ya kudumu, nayo hutibiwa kama maradhi ya kudumu

Utafiti wa kitaifa wa NACADA, yaani mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, ulionyesha mwaka 2022 kwamba takriban Wakenya milioni 4.7 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia angalau kileo au dawa moja, sawa na mtu 1 kati ya kila watu 6, na kwamba wanaotumia pombe walikuwa takriban milioni 3.2. Si wote hao walio waraibu, na ni muhimu kulisema hilo, kwa kuwa kumwita kila mnywaji mraibu ni kuliondolea neno uzito wake. Lakini hata sehemu ndogo ya hesabu hiyo ni watu wengi kupita vitanda vyote vya vituo vyote nchini.

Kinachoufanya uraibu kuwa maradhi ni athari yake ubongoni: vileo na dawa za kulevya, kila kimoja kwa njia yake, huuchochea ubongo kutoa kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, ambayo kazi yake ya kawaida ni kumfundisha binadamu kurudia yale yanayomfaa, kama vile kula na kukaa na wapendwa. Ubongo uliochochewa hivyo kwa miaka hujifunza somo moja tu, na somo hilo hufungamana na mahali, saa, harufu, sauti na nyuso za watu. Ndiyo maana mtu aliyekaa miezi mitatu bila kugusa chupa, na ambaye kwa dhati ya moyo wake ameapa, anaweza kutetemeka apitapo mbele ya mlango fulani saa kumi na mbili za jioni. Jambo hilo halitokani na upungufu wa imani wala wa malezi, na wazazi waliomo humu ambao wamewahi kuambiwa kwamba walilea vibaya wanaombwa walisikie hilo vizuri.

Taasisi ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia kutumia kwa wakati fulani, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali zao huzorota tena. Hakuna anayemfukuza mgonjwa wa shinikizo la damu nyumbani kwa sababu shinikizo limepanda tena. Hurudishwa kliniki, dawa hupimwa upya, na maisha huendelea. Mraibu anayerudia hutupwa, na ada iliyolipwa huitwa hasara.

Hapa pana onyo la kitabibu lisiloweza kuahirishwa. Familia nyingi, kwa kukosa ada, humfungia mgonjwa wao chumbani ili aache kwa nguvu. Anayeacha heroini ghafla hupatwa na maumivu makali, hali ambayo watumiaji wa Pwani huiita arosto, lakini kwa kawaida hali hiyo yenyewe haiui mtu mzima mwenye afya. Pombe ni tofauti kabisa: mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona yasiyokuwepo, kupandwa na homa na kufa. Hali hiyo huzuilika hospitalini kwa dawa za kutuliza kama diazepamu na kwa vitamini B1, na kwa hiyo kufuli ya mlango haiwezi kushika nafasi ya daktari.

Hoja ya pili: kituo kina kazi yake, nayo ina mpaka

Tiba ya kulazwa ina historia inayofaa kufahamika, kwa sababu historia hiyo hueleza kwa nini vituo vya Nairobi viko jinsi vilivyo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mfanyabiashara Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, waligundua kwamba mlevi husikilizwa na mlevi mwenzake kuliko anavyosikilizwa na daktari, wakaanzisha ushirika wa Alcoholics Anonymous na baadaye hatua 12 ambazo leo husomwa karibu katika kila kituo cha Kenya. Mwaka 1958, huko California, ilianzishwa Synanon, ambamo waraibu wa heroini waliishi pamoja na kurekebishana kwa ukali. Jumuiya hiyo iliishia pabaya, kwa kugeuka dhehebu lenye vitisho, lakini wazo lake la kwamba jumuiya yenyewe ndiyo dawa lilisafishwa na wengine na kuzaa kile kinachoitwa jumuiya tiba. Nchini Kenya, hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilibeba mzigo huu kwa miongo mingi, ikiwapokea walevi katika wodi zilizojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na vituo vya watu binafsi na vya mashirika ya dini vikafuata.

Siku ya kawaida kituoni huanza alfajiri kwa usafi na sala, hufuatwa na somo, kisha kikao cha kundi ambamo kila mmoja husema ukweli wake mbele ya wenzake, kisha ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja, kazi za mikono, michezo, na jioni usomaji wa hatua 12. Ratiba hii yaweza kuonekana ya kitoto kwa mtu aliye nje. Kwa mtu ambaye kwa miaka kumi siku yake ilikuwa na kituo kimoja tu, yaani kutafuta pesa ya kileo, kuamka saa ile ile kila siku na kutandika kitanda ni mwanzo wa kumiliki tena wakati wake. Kituo kizuri humpa mgonjwa usalama wa mwili, usingizi, chakula, nafasi ya kufikiri, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kundi la watu wanaomjua bila kumcheka. Thamani ya hayo ni kubwa, na uzoefu ulioandikwa unaonyesha kwamba kukaa chini ya siku 90 kwa kawaida huwa na matokeo hafifu.

Hata hivyo, kituo hakiwezi kumpa mgonjwa kazi, wala kumpatanisha na jirani aliyemwibia sufuria, wala kumbadilishia njia ya kwenda nyumbani. Vipo pia vituo visivyostahili jina hilo, ambamo mgonjwa hubebwa usiku na wanaume asiowajua, hupigwa, hufungwa na kuadhibiwa kwa jina la tiba. Mnamo Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja likizitaka nchi zifunge vituo vya kuwazuilia watumiaji wa dawa kwa lazima, kwa kuwa vinavunja haki za binadamu na havina ushahidi wa kutibu.

Kwa hiyo familia inayotafuta kituo ina haki ya kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi moja. Je, kituo kimeidhinishwa na NACADA, na cheti chenyewe kiko wapi? Nani huwa zamu usiku, na ana ujuzi gani? Familia itaruhusiwa kumwona mgonjwa wake lini? Mwisho liulizwe lile ambalo halizoeleki: mpango wa baada ya kutoka huandikwa lini, na nani humfuatilia mgonjwa mwezi wa nne, wa sita na wa kumi na mbili? Kituo kisicho na jibu la swali hili la mwisho kinauza kitanda tu.

Hoja ya tatu: mazingira yana nguvu kuliko nia

Hoja hii ndiyo kiini cha mhadhara, na wasikilizaji wanaombwa wavumilie ikielezwa kwa urefu.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kusikia kwamba wanajeshi wake wengi waliokuwa Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia waliporejea nyumbani. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa vitani, na kila mtu alitarajia miji ya Marekani ifurike waraibu. Haikuwa hivyo: miongoni mwa waliokuwa waraibu Vietnam, takriban asilimia 5 tu ndio waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani, na asilimia 12 ndani ya miaka mitatu. Wengi wao hawakupitia kituo chochote cha tiba. Kilichobadilika ni mahali: msitu, vita, woga, uchovu na heroini ya bei rahisi vilibaki nyuma, na mbele yao palikuwa na familia, kazi na mtaa ambao haukuwajua kama waraibu.

Sasa mfano huo upinduliwe, maana wa Nairobi huenda kinyume. Mgonjwa wa Nairobi hutolewa mtaani kwake akiwa mgonjwa, hupelekwa mahali penye utulivu, miti na milo mitatu, hupata nafuu huko, kisha hurudishwa kule kule alikougulia. Akishuka matatu Ngong Road kuelekea Jamhuri, Woodley au Kibera, hukutana na baa aliyoijua, muuzaji aliyemkopesha, rafiki anayemkumbatia na kusema kwamba leo ni lazima washerehekee, na jirani anayemtazama kwa jicho la kusubiri aanguke. Askari yule aliiacha Vietnam nyuma yake. Kijana huyu hurudishwa Vietnam yake kwa nauli ya shilingi hamsini.

Hatari yenyewe ni ya kimwili pia. Mwili uliokaa miezi mitatu bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, na kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida sasa chaweza kuzima pumzi. Majuma ya kwanza baada ya kutoka kituoni, kama yalivyo majuma ya kwanza baada ya kutoka gerezani, ndiyo yenye vifo vingi vya kuzidisha kipimo. Dawa ya naloksoni, ambayo hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, ingepaswa kuwa mikononi mwa kila familia inayompokea aliyekuwa akitumia heroini, na mgonjwa aambiwe ukweli huu kabla ya kufunguliwa lango.

Si haki, hata hivyo, kuzungumza juu ya Kibera kana kwamba pombe iliangukia hapo kwa laana. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni na jamaa zao, na kwa miongo mingi wanawake wa Kinubi walipika pombe kali iliyojulikana jijini kote, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa biashara chache ambazo mwanamke asiye na hati ya shamba wala leseni ya duka angeweza kuziendesha na kusomesha watoto. Changaa ya leo ni mrithi wa biashara hiyo. Ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikaendelea kupikwa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Na mwaka 2010 sheria mpya ya kudhibiti vileo ikaifuta ile ya marufuku. Mama anayepika changaa na kijana anayeinywa huishi ploti moja, na mara nyingi ni jamaa. Mpango wa upataji nafuu usiomfikiria mama huyo na riziki yake utashindwa, kwa kuwa kila pipa linalomwagwa na polisi Jumatatu hujazwa tena kabla ya Ijumaa.

Wanasosholojia Robert Granfield na William Cloud, waliochunguza watu walioacha uraibu bila kutibiwa, walitoa mwaka 1999 wazo ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa mtaji wa nafuu, yaani jumla ya vitu alivyo navyo mtu vya kumsaidia asimame: afya, elimu, akiba, makao, ujuzi, ndugu wanaomwamini, na jina zuri. Watu wawili wanaweza kulazwa kituo kimoja, chumba kimoja, kwa siku zile zile tisini. Mmoja anarudi kwenye nyumba ya wazazi Kilimani na duka la mjomba linalomngoja. Mwingine anarudi kwenye chumba ambacho mwenye ploti alikwisha kumpa mtu mwingine. Tiba yao ilikuwa moja, lakini mtaji wao haukuwa mmoja, na baada ya mwaka watu husema kwamba wa kwanza alikuwa na nia na wa pili hakuwa nayo. Hukumu hiyo si ya kweli.

Hoja ya nne: panahitajika nyumba kati ya kituo na mtaa

Ikiwa mruko kutoka kituoni hadi mtaani ni mkubwa mno, basi daraja linahitajika, na daraja hilo linajulikana. Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, jimbo la Maryland, wanaume waliokuwa wakiishi katika nyumba ya waraibu iliyokuwa ikifungwa kwa ukosefu wa fedha waliamua kuikodi wenyewe. Nyumba hizo, ziitwazo Oxford House, zina kanuni chache: wakazi hujitawala kwa kura, kila mmoja hulipa sehemu yake ya kodi, na anayetumia huondoka. Watafiti wakiongozwa na Leonard Jason waliwafuatilia watu 150 waliotoka katika tiba ya kulazwa huko Illinois, nusu wakipelekwa kwa bahati nasibu katika nyumba hizo na nusu wakirudi kwao kama kawaida. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia tena walikuwa takriban asilimia 31 miongoni mwa waliopitia nyumba hizo, na takriban asilimia 65 miongoni mwa wale wengine. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya wala na daktari bingwa, bali na kodi ya nyumba, zamu ya kupika na wenzao waliojua dalili za mtu anayeelekea kuanguka.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wamarekani. Huko Malindi, mradi wa Omari, ulioanza katika miaka ya 1990, uliwapokea watumiaji wa unga, yaani heroini, katika kituo cha kuishi pamoja. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, zikiendeshwa kwa sehemu kubwa na wenyewe waliokuwa mateja, yaani waraibu wa heroini, na ndani yake hatua 12 husomwa kwa Kiswahili na swala tano huswaliwa kwa wakati. Anayeingia hupokewa na mtu aliyepitia arosto ile ile, aliyelala maskani zile zile, na ambaye sasa ana funguo za nyumba mfukoni. Somo hilo halihitaji ubao. Nairobi ina wajuzi wengi kuliko Unguja, ina hospitali nyingi kuliko Unguja, na katika jambo hili iko nyuma ya Unguja.

Pana ugomvi mmoja ambao unafaa kukomeshwa, nao ni kati ya watetezi wa kuacha kabisa na watetezi wa methadoni. Methadoni ni dawa ya kumezwa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto na tamaa ya heroini bila kumlewesha mgonjwa aliyeizoea, na hivyo humwezesha kufanya kazi na kulea. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari mnamo Desemba 2014, kisha ikaipeleka Pwani. Wapo wanaosema kwamba anayemeza methadoni amebadilisha tu jina la uraibu wake, na baadhi ya nyumba humkataa kwa sababu hiyo. Msimamo wa mhadhara huu ni kwamba wanakosea, na kosa lao hugharimu uhai. Mama anayekunywa kikombe chake asubuhi, kisha akaenda kuuza mboga katika soko la Toi na kurudi jioni kwa wanawe, yuko katika upataji nafuu, na mlango wa nyumba unapaswa kumfungukia.

Hoja ya tano: kazi, na pesa ya kila siku

Kaunti ya Kiambu ilianzisha mpango wa Kaa Sober, ambao uliwalipa vijana waliozama katika pombe shilingi 400 kwa siku kwa kufagia, kufyeka na kuzibua mitaro. Mpango ulilaumiwa kwa mengi, lakini wazo lake la msingi lilikuwa sahihi, nalo ni kwamba mtu asiye na jambo la kufanya saa nne asubuhi hawezi kubaki mtimamu kwa mawaidha. Kasoro yake yafundisha pia. Pesa taslimu ya kila jioni, au ujumbe wa M-Pesa unaoingia saa kumi na moja, ni kichocheo chenyewe kwa ubongo uliokwisha kuelezwa. Fundi au mkandarasi wa mjengo anayemwajiri mtu aliyetoka kituoni anaweza, kwa makubaliano na hiari ya mfanyakazi huyo, kumlipa kwa juma, kumwekea sehemu katika chama, au kulipa kodi ya chumba moja kwa moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayelewa kazini hata akashindwa kazi yake. Inamruhusu, haimlazimishi. Mwajiri mwenye hekima anaweza kumpa mfanyakazi wake likizo ya tiba na tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ya kurudi hufanya kazi ambayo hakuna mshauri nasaha anayeweza kuifanya.

Hoja ya sita: familia na wanawake

Familia ya mraibu huugua pamoja naye, na hii ndiyo sababu ya kuwepo tangu mwaka 1951 kwa ushirika wa Al-Anon, ambao hukusanya jamaa za walevi bila kujali kama mlevi mwenyewe ameacha. Mke aliyezoea kuficha pochi chini ya mto hawezi kuacha kuificha kwa sababu cheti cha siku tisini kimeletwa nyumbani. Naye anahitaji muda wake na msaada wake.

Kuhusu wanawake wenye uraibu, yanayopaswa kusemwa ni machache na ni machungu. Mwanaume mlevi husindikizwa kituoni na mama yake na mkewe, ilhali mwanamke mlevi hufichwa. Vitanda vya wanawake ni vichache, na vituo vinavyompokea mama pamoja na mtoto mchanga ni vichache zaidi, kwa hiyo mama huambiwa achague kati ya tiba na mtoto. Hakuna mama anayepaswa kuulizwa swali hilo.

Yatakayokuja

Katiba ya mwaka 2010 iliwapa Wakenya haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na Jedwali lake la Nne likaikabidhi serikali ya kaunti kazi mbili ambazo hutajwa pamoja mara chache: kutoa leseni za vileo, na kudhibiti dawa za kulevya. Kaunti ya Nairobi, kwa hiyo, huchukua ada kutoka kwa kila baa ya Ngong Road. Nairobi ya kikoloni ilikwisha kufanya jambo la namna hiyo kwa njia mbovu, pale manispaa ilipojipa ukiritimba wa kuuza pombe Pumwani na kutumia faida kuendeshea huduma za Waafrika wale wale iliowauzia. Nairobi huru inaweza kulifanya kwa njia ya haki: sehemu iliyotajwa kisheria ya ada za leseni itengwe kwa ajili ya kodi za nyumba za upataji nafuu, za wanaume na za wanawake wenye watoto, na hesabu yake isomwe hadharani kila mwaka. Madiwani wa kaunti wana uwezo wa kuipitisha sheria hiyo, na wakazi wa mitaa hii wana uwezo wa kuwauliza kabla ya kuwapigia kura. Vituo navyo vitakiwe kutoa taarifa ya hali ya wagonjwa wao mwaka mmoja baada ya kutoka, badala ya kutangaza idadi ya vyeti.

Lakini yapo yasiyongoja kaunti. Mitaa hii ina makanisa, misikiti, shule na kumbi ambazo hukaa zimefungwa kwa kufuli jioni tano kati ya saba. Ombi linaloelekezwa kwa hadhira hii ni la chumba kimoja chenye taa, viti na birika la chai, kifunguliwe kila jioni kuanzia saa kumi na mbili, saa ambayo njia ya nyumbani ni ngumu kuliko zote, ili anayeshuka matatu akiwa na begi lake la kutoka kituoni awe na mlango mwingine wa kubisha. Wenye funguo za vyumba hivyo wengi wao wameketi humu. Na kwa aliye na mgonjwa nyumbani usiku huu huu, nambari ya msaada ya NACADA ni 1192, na hupigwa bila malipo.